Kiti Ambacho Sindano Hakukigusa

Mama Mdogo wangu hushona viti vya magari, na mjini kote wanamwita Sindano. Wengine wanasema ni umbo lake, maana ni mfupi na mwembamba kiasi kwamba ukimwona kwa mbali nyuma ya usukani unaweza kudhani gari linajiendesha lenyewe. Wengine wanasema ni ulimi. Mwenyewe anasema ni kazi tu, na wenye maoni mengine wakatafute fundi mwingine.

Karakana yake ni chumba kirefu nyuma ya duka la matairi. Kushoto kuna cherehani nyeusi ya chuma inayotoboa ngozi nne kwa mpigo. Kulia sponji zimepangwa hadi darini, nyepesi juu, nzito chini. Ana desturi moja ambayo nimeishuhudia mara nyingi: kiti kikikamilika, mwenye gari lazima akikalie palepale, na Mama Mdogo husimama kimya akisubiri ile pumzi. Unaijua. Ile ya mtu aliyefika nyumbani akavua viatu. Dereva wa teksi ataitoa, mwalimu wetu mkuu ataitoa, hata yule mwanamke wa benki asiyecheka na mtu. Akishaisikia ndipo hukata uzi wa mwisho.

Wateja wengi hawajui kwamba fundi huyu wa raha anapenda mashindano ya magari. Kwa miaka miwili yeye na mumewe, Baba Mdogo, ambaye ni fundi umeme na msema machache, walikuwa wakifufua kigari cha milango mitatu kilichonizidi umri. Kuna klabu ya watu kama wao: wauza duka, wauguzi, mafundi, wanaokimbizana kwenye uwanja wa ndege uliokwisha kufungwa. Hakuna anayelipwa. Ukishinda unapewa kikombe kidogo na kupigwa picha. Mwaka huu, hatimaye, jina la Mama Mdogo lilikuwa kwenye orodha ya mashindano ya kwanza ya msimu. Kilichobaki kilikuwa kiti.

Kiti alipewa bure na Bonge. Bonge ni mwoka mikate, rafiki wa Baba Mdogo tangu shuleni na mshindani mwenzao klabuni, na mwili wake unaitangaza kazi yake vizuri kabisa. Alikuwa amenunua kipya, na kama shukrani Mama Mdogo alimshonea mto wa mgongoni kwenye hicho kipya, kwa utepe uliokizunguka kiti bila kutoboa kitambaa chake. Kile cha zamani hakikuwa kibaya. Kilikuwa cheusi, gamba lake la faiba halina ufa, na lebo yake ilikuwa na miaka miwili mbele. (Nilikuja kujua kwamba viti vya mashindano vina mwaka wa kustaafu kama walimu. Ukipita, klabu haikitambui, hata kama hakina mkwaruzo.)

Shida ni kwamba alipokikalia, alipotea. Kiti cha Bonge kilimtosha Mama Mdogo na mgeni wake. Matundu ya kupitishia mikanda ya mabega yalikuwa sawa na masikio yake.

"Si unaona kilivyo kikubwa?" Baba Mdogo akasema.

"Naona kazi yangu," akajibu. "Hapa ndipo mimi nilipo fundi."

Akakata sponji kwa siku tatu. Akaweka nyongani, mbavuni, mgongoni, na bamba nene chini ili apande hadi kwenye matundu ya mikanda. Juu akavisha kitambaa cheusi kwa uzi wa manjano, mishono imenyooka kama mistari ya daftari jipya. Alipomaliza alikikalia mwenyewe, na ile pumzi ikamtoka.

Wiki moja kabla ya mashindano kulikuwa na siku ya mazoezi na ukaguzi. Mkaguzi wa klabu ni Mzee Tochi. Alikagua mabasi miaka thelathini kabla ya kustaafu, na hata saa sita mchana hutembea na tochi ya chuma mkononi, akimulika chini ya viti kama mtu aliyedondosha sarafu. Asipokubandikia stika kwenye kioo, huendeshi.

Alikitazama kiti kwa muda. "Kazi safi," akasema. "Vaa ovaroli yako, vaa helmeti, kaa, kaza mikanda kama unaanza sasa hivi."

Mikanda ya mashindano ina matawi sita yanayokutana kwenye kifungo kimoja tumboni. Mama Mdogo akaivuta yote mpaka mwisho.

"Imekaza?"

"Imekaza, mzee wangu."

"Unajisikiaje?"

"Kama niko kitandani."

"Ndilo ninaloliogopa," akasema Mzee Tochi. Akaweka viganja viwili nyongani mwake, pale penye sponji, akaegemea kwa uzito wake wote. Sponji ikanywea. Kisha akachukua ile tochi na kuipitisha kati ya mkanda na paja. Ikapita. Nzima nzima.

"Mkanda umefunga sponji, binti yangu. Haujakufunga wewe. Ukigonga kitu, gari litasimama, sponji itasinyaa, na wewe utaendelea na safari peke yako mpaka mkanda ukukute njiani. Wakati huo utakuwa umeshashika kasi."

Nilisubiri ule ulimi. Watu waliokuwa karibu nao walisubiri, maana walisogea. Lakini Mama Mdogo alimwomba abonyeze tena. Halafu upande wa pili. Halafu akaichukua tochi mwenyewe, akaipitisha, akaitoa, akaipitisha tena.

"Miaka kumi na tisa nawasaidia watu kuzama," akasema taratibu. "Huku natakiwa nisizame."

"Rudi Jumamosi na kiti chako. Hiki ni cha mtu mwingine, umekivalisha tu."

"Na nikirudi nacho?"

"Ukikaa sawa, stika ninayo mfukoni."

Hakununa. Tukiwa bado njiani akampigia Bonge simu. "Shemeji, ule mto niliokushonea, lete gari niufumue. Nilikosea."

Sauti ya Bonge ilijaza gari zima. "Usiniharibie raha, shemeji. Mgongo huu haujawahi kunishukuru kama mwezi huu."

"Nimekwambia mapema," akasema, akakata.

Jumanne tulikwenda kwenye duka la vifaa vya mashindano. Mama Mdogo aliingia akiwa tayari amevaa ovaroli na helmeti, futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni. Muuzaji, kijana mwenye shati la kubana, alishindwa kujizuia.

"Dada, dukani hakuna ajali."

"Kichwa changu kikiwa ndani ya helmeti si kile kile," akamwambia. "Na nyonga zangu ndani ya ovaroli si zile zile. Nijaribu kiti nikiwa nimevaa nguo za sokoni, halafu nikiendeshe nimevaa nini?"

Kijana akaanza kuonyesha viti. Cha kwanza kilikuwa na mishono myekundu. Mama Mdogo alikipapasa kwa heshima, "Aliyeshona hapa ana mkono," lakini matundu ya mabega yalikuwa juu mno, akakikataa. Cha pili kilimshika vizuri kiunoni, ila yale mabawa ya kuzuia kichwa yalimziba macho pande zote mbili. "Kushoto sponji, kulia sponji. Nitapishana na watu kwa kunusa?" Cha tatu kilikuwa chembamba sana kwa maneno ya muuzaji lakini kipana sana kwa vipimo vya futi.

"Kikubwa kidogo ni kizuri, dada. Unapata nafasi ya kupumua."

"Nafasi ya kupumua ninayo nyumbani. Stoo hamna kitu?"

Stoo, chini ya maboksi ya vichujio vya mafuta, kulikuwa na kimoja. Kidogo, cha kijivu, rangi ya maji yaliyofulia soksi. Kitambaa chake kigumu, mshono wa begani umepinda kidogo. Aliutazama ule mshono kama mtu anayetazama chakula kilichoungua. Akageuza kiti, akasoma lebo: miaka mitatu bado. Akapima. Akaingia, na ilibidi ajisokote. Mabega yakakaa inchi moja chini ya matundu. Macho yakaona pande zote. Nyongani hata noti haikupita.

"Hicho kinakubana," muuzaji akasema.

"Kubana kunauma. Hiki kinanishika. Niache nusu saa tuone."

Akakaa nusu saa nzima katikati ya duka, mikono mbele kana kwamba ameshika usukani. Wateja waliingia, wakamsalimia, akawaitikia kupitia helmeti. Mmoja alimuuliza bei ya betri. Alipotoka alijipapasa mbavu na mapaja, hakuna palipouma, akasema, "Kifunge."

Kukifunga garini ilikuwa kazi ya Baba Mdogo: vipande viwili vya chuma kinene ubavuni, bolti nne, naye akikaza kila moja kama ana ugomvi nayo. Tabu ilianza baada ya hapo. Mama Mdogo hakuweza kupita karibu na gari bila kuangalia ule mshono uliopinda.

"Mkono unaniwasha," akasema. "Kitambaa tu. Sigusi kitu kingine." Akampigia Mzee Tochi.

"Lebo inazungumzia kiti kilivyotoka kiwandani," mzee akamjibu. "Ukifumua uzi mmoja, lebo inazungumzia kiti kingine."

Mama Mdogo akaenda kufungia mkasi kwenye droo. Kesho yake mwalimu wetu mkuu alikuja kuchukua gari lake, akachungulia kile cha kijivu. "Sindano, na hiki umekishona wewe?"

"Hiki nimekiacha, mwalimu," akasema. "Ni kazi ngumu kuliko zote nilizofanya mwaka huu."

Jumamosi, asubuhi ya mashindano, foleni ya ukaguzi ilikuwa ndefu. Mama Mdogo alikaa, akakaza. Mzee Tochi akaegemea nyongani kwa nguvu zote, na hakuna kilichosogea isipokuwa gari lenyewe. Akajaribu tochi. Haikuingia hata ncha. Akamwamuru afungue mikanda na kutoka, akihesabu kwa sauti. Alipofika saba, Mama Mdogo alikuwa ameshasimama nje. Stika ikabandikwa.

Nyuma yake alikuwa Bonge. Mzee Tochi akaegemea, mto ukanywea, tochi ikapita. Mzee akarudisha stika mfukoni.

Bonge akageuka. "Shemeji."

"Shuka," akasema Mama Mdogo. Alikuwa amekuja na wembe wa kufumulia, maana alijua. Akapiga magoti kwenye gari la Bonge na kuanza kuukata mshono wake mwenyewe. Ulikuwa umeshonwa vizuri kiasi kwamba ulimtoa jasho dakika kumi na tano. Mto ulipotoka, kiti kikabaki kilivyotoka kiwandani, na Mzee Tochi akarudi na stika.

Mizunguko ilikuwa kumi na miwili. Katika wa tano, kwenye kona ya mwisho, gari la muuguzi mmoja liliteleza na kumgonga Mama Mdogo ubavuni kwa nyuma. Kigari kikazunguka mara moja na nusu, vumbi likapanda. Vumbi lilipotulia, ile helmeti ilikuwa palepale katikati ya kioo. Mikono ikageuza usukani, gari likaondoka. Alimaliza wa tisa kati ya magari kumi na manne. Bonge alikuwa wa nane.

Bonge alikuja akitembea kama mlango uliokosa grisi. "Mgongo wangu unakulaani, shemeji."

"Uambie ushukuru kwamba upo," akasema Mama Mdogo.

Kisha akaenda kwenye meza ya klabu kuandikisha jina kwa mashindano ya mwezi ujao, helmeti ikiwa bado kichwani.