Maji ya Chini ya Boti

Nawaandikia wavuvi wenzangu wa mwambao wa Rumonge, na zaidi wale ambao hurudi kwenye nyumba isiyo na mtu. Sikupona ili ninyamaze.

Kabla ya kuugua nilivua kwa tanga pamoja na Ramazani, yeye akishika kamba, mimi usukani. Katika boti ya tanga mtu hukaa chini kabisa, matako sakafuni, miguu ndani ya maji yanayovuja kati ya mbao, ili chombo kisipinduke upepo unapogeuka. Maji hayo ni ya ziwa tu, nayo hupoza mwili. Tulikaa hivyo miaka mingi tukibishana kuhusu dini, siasa na mapishi ya samaki aitwaye mukeke, na sikumbuki kwamba tuliwahi kumaliza ubishi hata mmoja.

Mke wangu alipofariki, samaki nao wakiwa wamehamia mbali, nilimwachia Ramazani boti ya tanga nikanunua boti kubwa ya moteri inayokokota wavu. Nilikuwa nimevuka miaka hamsini. Ramazani alikataa kupanda. "Nenda, bosi," alisema. "Mimi siwezi kubishana na moteri." Wafanyakazi wangu walikaa mbele na wavu, mimi nilikaa nyuma na mashine, mahali ambapo hakuna neno linalosikika. Nilirudi nyumbani asubuhi masikio yakivuma, sijazungumza na mtu.

Mwili wangu, hata hivyo, ulibaki na mazoea ya tanga. Ubao wa kukalia ulikuwapo. Mimi nilikaa chini. Boti ya moteri ikikimbia huinua pua, na maji yote ya ndani hukimbilia nyuma, pale pale tunapojazia tangi kwa esansi, yaani petroli. Kila mara kidogo humwagika. Nilikaa katika maji hayo tangu machweo hadi alfajiri.

Kwanza ngozi ya mapaja na matako iliwasha. Kisha ikawa nyekundu, ikatoa malengelenge, nayo yakapasuka. Nilidhani ni vipele vya joto. Nilipaka mawese, kama tunavyopaka kila kitu hapa kwetu, nikarudi kazini. Baadaye suruali ilianza kugandamana na nyama, na sikuweza kuivua bila maji ya vuguvugu. Ukafuata usaha, kisha harufu, kisha homa ya kutetemeka.

Kidonda kilikuwa nyuma, nami sikuweza kukiona. Nilijaribu kwa kioo cha marehemu mke wangu. Nikaona dirisha na mkono wangu tu. Nimesoma vitabu vingi kuhusu subira, lakini sikukuta hata kimoja kinachomshauri mtu asiye na wa kumwambia, "Hebu nitazame hapa." Binti yangu yuko Nyanza-Lac, na mambo ya namna hiyo baba hamwelezi bintiye kwa simu. Nililala kifudifudi nikisikia boti za wengine zikiondoka, nikajiandaa kufa kwa adabu.

Ramazani alikuja kwa sababu aliona boti yangu haitoki ufukweni.

"Amahoro, bosi. Mbona nyumba iko inanuka esansi kama stesheni?"

"Ni homa tu."

"Homa hailazi mutu kifudifudi. Funua nione."

"Niache, Ramazani."

"Weye umejisaidia mbele yangu mu ziwa tangu tuko vijana, leo ndiyo unaona haya?"

Alifunua shuka mwenyewe. Kisha akairudisha taratibu, akaanza kukusanya mikeka ya kunilaza botini, bila ubishi wowote. Hapo nilifahamu hali yangu.

Kukaa kwenye pikipiki au ndani ya basi dogo kusingewezekana. Alinilaza kifudifudi juu ya mikeka ndani ya boti ya tanga, akanipeleka mjini kwa upepo hafifu, akinichokoza njia nzima ili nisisinzie.

"Umeungua, mzee," alisema daktari wa hospitali.

"Sikuguswa na moto, daktari."

"Esansi haingoji kiberiti. Ikichanganyika na maji na kukaa kwenye ngozi, inaipika polepole. Umepaka nini?"

"Mawese."

"Mawese weka kwenye maharage."

Ramazani alicheka. Nami nilicheka, ingawa niliumia. Ndipo daktari akaongeza, bila mzaha, kwamba sumu ya kidonda ilikuwa imeanza kuingia kwenye damu. Nililazwa wiki kadhaa. Waliondoa ngozi iliyokufa, wakanisafisha kila asubuhi huku nikiuma shuka. Ngozi mpya ilirudi nyembamba kama utando wa maziwa.

Namshukuru Mungu, na madaktari, na Ramazani. Nimerudi kwenye moteri, kwa maana tanga halinilishi tena. Sasa nakaa juu ya ubao, nachota maji ya ndani ya boti mapema, na nikimwagikiwa esansi navua nguo na kuoga kwa sabuni papo hapo. Nanyi fanyeni hivyo. Lakini ubao hautoshi. Mngali wazima, mjuane na mtu mmoja mnayeweza kumgeuzia mgongo bila aibu, wala msimwache kwa kuwa mmepata mashine. Upweke wangu haujaisha, sitawadanganya. Makovu yangu mwenyewe sijawahi kuyaona. Nikitaka kujua yalivyo, sharti nimwulize Ramazani.