Mkuku Niliouziba kwa Vumbi la Mbao

Neno mkuku nililisikia mara ya kwanza kwenye simu, niko karakana Karatu mjini napiga msasa mlango wa choo cha loji. Aliyepiga ni shemeji, mume wa dada yangu, mkulima wa vitunguu kule chini Mang'ola, pembeni ya Ziwa Eyasi.

"Shemeji," akasema, "fundi anataka mti wa mkuku. Futi ishirini, mnyoofu, usiwe na ufa hata wa kupitisha wembe."

"Mkuku ndiyo nini? Mume wa kuku?"

Karakana nzima ikacheka. Mmasai mmoja wa Enguserosambu tunayefanya naye kazi akasema yeye kasikia mkuki, na mkuki wa futi ishirini simba ataona unamdharau. Shemeji akangoja tumalize. Halafu akaeleza kwamba mkuku ni ule mti wa chini kabisa wa boti, unaolala katikati kuanzia mbele mpaka nyuma.

Nikasema nimeelewa. Kumbe nilielewa kama fundi vitanda. Sisi wa vitanda, kitu cha chini ndiyo hakina maana. Mteja anaangalia ubao wa kichwani, anapapasa maua tuliyochonga, anatoa hela. Chini ya godoro tunaweka mabaki, hata ubao wenye tundu la fundo, na hakuna mteja amewahi kulala chini ya kitanda ili akague. Sasa mti ambao utakuwa chini ya boti, halafu ndani ya maji, nani atauona? Kambale?

Kwa shemeji haikuwa utani. Mvua za miaka hii zimelijaza ziwa mpaka likapanda mashambani, na nusu ya shamba lake la vitunguu iko chini ya maji hadi leo. Akauza ng'ombe wake wawili wa kulimia, akamleta fundi wa boti kutoka Ukerewe. Alisema ziwa limekula shamba lake, basi na yeye atakula humo humo. Asipovua, nusu ya shamba iliyobaki isingemtosha, na ng'ombe wa kuilima hana tena.

Mti niliutafuta mwenyewe, na niseme ukweli, niliupata mzuri. Mkaratusi kutoka Ganako, umekauka, umenyooka kama mstari wa daftari. Jumamosi asubuhi tukaupakia kwenye pikapu ya kubeba vitunguu. Pikapu fupi, mti mrefu, kwa hiyo kipande kama futi saba kikachomoza nyuma. Tukafunga kitambaa chekundu mwishoni, tukashuka Mang'ola.

Tulipofika bondeni kulikuwa na kina mama wanachambua vitunguu kando ya barabara. Dereva akapunguza mwendo. Mimi nikaona hapa hapafai kupita kimya. Nikatoka nilipokuwa nimekaa kwenye bodi ya pikapu, nikasogea mpaka kwenye ncha ya mti, nikaukalia kama farasi, miguu inaning'inia nje.

"Karibuni melini," nikawaambia. "Nauli kitunguu kimoja."

"Shuka wewe, utavunjika kiuno," mmoja akajibu.

"Mama, mimi ni nahodha. Nahodha hashuki."

Wakacheka sana. Wakicheka watu mimi huwa nalewa. Dereva naye akanogewa, akakanyaga mafuta. Mbele kulikuwa na korongo la maji. Pikapu ikashuka, ikapanda, mimi nikarushwa juu, halafu nikarudi kukaa kwa uzito wangu wote. Mti ukasema ta, kama ganda la maharage. Kiuno kilikuwa kizima.

Ufa ulikuwa upande wa chini, urefu wa mkono wangu. Ukitazama haraka huuoni. Ukipitisha kucha, inazama.

Pale ndipo ningesema. Ilikuwa sentensi moja tu: nimeukalia, umepasuka, narudi Ganako kutafuta mwingine. Lakini kuisema ilibidi nieleze niliukalia kwa nini, na jibu lilikuwa kwamba nilitaka wanawake nisiowajua wacheke.

Bahati yangu mbaya, nilipata nafasi. Fundi alikuwa Msabato, Jumamosi hashiki hata nyundo, na shemeji alikuwa shambani. Nikauingiza mti kwenye stoo ya vitunguu. Nikafanya tunachofanya karakana kila siku: vumbi laini la mbao, gundi nyeupe, koroga mpaka iwe kama ugali, shindilia kwenye ufa, acha ikauke na jua, piga msasa. Mlango wenye tundu la fundo ukiufanyia hivyo hata aliyechana mbao zake hatalijua tena. Jumapili alfajiri nikaupaka mti wote oili chafu. Ukawa mweusi unang'aa.

Fundi akaja kuukagua. Mtu mfupi, mpole, anaongea taratibu kama anahesabu maneno. Akagonga gonga kwa nyundo, akainama, akaulizia ile oili.

"Nimeweka kinga ya mchwa," nikasema.

"Umefanya vizuri, dogo. Wengi hawafikirii." Akaninyooshea mkono, akanishukuru. "Njiani haukupata shida? Haukudondoka?"

"Fundi, huu mti umesafiri kuliko mtalii. Umelala njia nzima."

Akacheka. Akaamini.

Ningerudi Karatu siku hiyo hiyo, lakini shemeji akaomba nibaki nimsaidie fundi, kwa sababu eti mimi na mbao ni ndugu. Ndiyo nikajua mkuku ni nini. Kwanza aliulaza kwenye magogo, akaunyoosha kwa kamba. Halafu mbavu za boti, yeye anaziita mataruma, zote akazisimamisha juu yake, moja kushoto, moja kulia. Mbao za ubavuni zikashikwa na mataruma, mataruma yakashikwa na mkuku.

"Kitanda kikikatika mguu unaweka tofali," aliniambia tukipigilia. "Boti ikikatika mkuku inakuwa mzigo wa kuni. Na upepo ukiisukuma kwa ubavu, huu ndio unang'ang'ania maji, boti isiende upande kama kaa."

"Na ukiwa na kasoro, mtu anaubadilishaje?"

"Habadilishi. Anavunja yote, anaanza upya."

Kila taruma lililosimama lilinipandishia bei ya kusema. Siku ya kwanza ningeharibu mti mmoja. Siku ya tatu ningeharibu nusu boti. Wiki ilipoisha, ningeharibu ng'ombe wawili wa shemeji. Kwa hiyo nikaongeza utani. Sikuwahi kuchekesha watu kama wiki ile. Hata dada yangu alisema, "Leo umekula nini wewe?"

Siku ya kushusha boti watu walijaa ufukweni. Walikuwepo na majirani wawili walioahidi kwamba hii ikielea, fundi atawajengea na wao. Fundi akasema kwao aliyeleta mkuku ndiye anakaa mbele safari ya kwanza, ni heshima yake. Watu wote wakaniangalia.

Nikashika tumbo. "Maharage ya jana," nikasema. "Nikipanda humo mtanilaumu, upepo unatokea mbele."

Wakacheka, kama kawaida. Dada akasema, "Basi nitakaa mimi kwa niaba yake. Damu ni moja." Akakunja kitenge, akapanda. Dada yangu hajui kuogelea. Kwetu ni mlimani, tungeogelea kwenye nini? Shemeji akashika kasia, fundi akakaa nyuma.

Mimi nilibaki nimeshika tumbo ambalo haliumi.

Boti ilikwenda vizuri, halafu ikaanza kuvuta kushoto. Fundi akawa anairudisha, inakataa. Nikamwona ameinama anaangalia chini. Nikamwona dada ameinua miguu kama aliyekanyaga maji, halafu ameshika mbao pande zote mbili. Kilio chake kilikuja juu ya maji kikiwa chembamba. Sikukimbilia majini. Naandika hivyo hivyo ilivyokuwa: nilisimama.

Eyasi si ziwa la kina pembeni. Boti ilipolala ubavu, wao walisimama na maji yakawafika kifuani. Shemeji akambeba dada mgongoni mpaka nchi kavu. Ufukweni watu walipoona wako wazima wakaanza kucheka, na mtu akasema kumbe boti yenyewe ni ya kutembea kwa miguu. Huo ulikuwa utani mzuri. Mimi sikuwa nao.

Tulipoivuta nje na kuipindua, fundi akapitisha kisu chini ya mkuku. Ule ugali wangu ukatoka umelainika, mweupe ndani, mweusi juu. Akauchukua kidogo kwa kidole, akaunusa. Gundi ya mbao ina harufu yake. Akainua macho akanitazama, akaendelea kunitazama. Nadhani alikuwa ananipa nafasi.

Nikasema, "Kumbe hata mti unaumwa tumbo."

Hakuna aliyecheka.

Fundi akafuta kidole kwenye suruali. Akamgeukia shemeji. "Mti ulikuwa na ufa, mzee. Kuukagua ilikuwa kazi yangu. Kosa ni langu."

Shemeji hakumtukana. Alimwitikia tu kwa kichwa, akaenda kukaa mbali akiangalia upande ule shamba lake lilikozama. Wale majirani wawili wakasema watafikiria, na sote tukajua hawafikirii. Kesho yake fundi akafunga sanduku lake la vyombo akaondoka na basi la asubuhi. Mimi ndiye nilimbebea sanduku mpaka kituoni.

Shemeji sasa hivi analima vibarua kwenye mashamba ya wengine. Boti iko nyuma ya nyumba, imepinduliwa, dada anafugia kuku humo. Kila nikienda shemeji ananitania: "Wewe ulisema kweli toka mwanzo, mkuku ni mume wa kuku." Ananipa sifa. Nacheka naye.

Mwezi uliopita nilimkuta dada amepiga magoti anatoa mayai chini ya boti. Mkuku ulikuwa juu, unaangalia mbingu, na ule ufa umejaa vumbi la kweli. Nikamwambia. Sijui kwa nini siku ile. Nilianza na wale kina mama wa vitunguu, nikaja kwenye gundi, nikaja kwenye oili. Aliendelea kutoa mayai mpaka nikamaliza.

Nilitegemea aulize habari ya mti, au ng'ombe. Akauliza, "Siku ile tumbo lilikuwa linauma?"

"Hapana."

"Ulijua, ukaniacha nikakaa pale mbele."

"Ndiyo."

Akanyanyuka, akajipangusa magoti. Mayai yalikuwa saba kwenye kanga. Akayaangalia kama anayasoma.

"Shemeji yako yuko kwa jirani anapalilia," akasema. "Nenda sasa hivi. Ukitoka hapo mtampigia fundi wote wawili. Na usianze na utani."

Nikaenda. Si mbali, ni kukata mifereji miwili tu ya maji ya vitunguu. Nilikuwa natafuta sentensi ya kwanza, na kila iliyokuja ilikuwa ya kuchekesha. Nikawa naitupa, natafuta nyingine, mpaka nikamwona ameinama na jembe, na yeye akaniona, na tayari alikuwa ameanza kutabasamu.