Kompyuta Ilisema Mkono Ulichelewa

Siku mashine ilipomkata shemeji yangu vidole viwili, kompyuta iliandika kwamba mashine ilianza kushuka kwanza, mkono ukaja baadaye.

Mtu anaingizaje mkono kwenye mdomo unaofunga? Tulieni, niwape kisa.

Kiwandani tunakunja mabati kwa mashine ya kushindilia. Mdomoni mwake kuna sensa ya mwanga. Nyuma kuna kikompyuta kinachoisoma mara mia mbili kila sekunde: mkono upo? Ukiwepo, mashine inagoma.

Kikompyuta kina kazi nyingi na akili moja, kwa hiyo kazi zinapangiwa vyeo, na mpangaji ni mimi, fundi wake. Mwenye cheo akipita, wengine wanasubiri. Sensa ndiyo ilikuwa mkubwa wao.

Sasa, bosi wetu anapenda grafu. Niliyomchorea kwa kikompyuta hicho hicho ilikuwa inakwamakwama kwenye skrini kama mtu mnene anayepanda ngazi. Wageni walipokuja, nikaipandisha cheo, sensa nikaishusha. Mstari mmoja tu. Grafu ikateleza kama sabuni.

Nikapima: sensa bado inasomwa mara mia mbili kwa sekunde, kwa wastani. Nikajisifu.

Kumbe sensa ilikuwa inasubiri grafu nusu sekunde nzima, kisha inasomwa mbiombio kufidia. Hesabu inatimia. Saa ndiyo inapotea: mkono ulioingia mapema unaandikwa umechelewa.

"Shemeji, tangu juzi hii mashine inasita kabla ya kugoma," aliniambia.

"Haisiti. Ni wewe unazeeka. Dada yangu aliuziwa mtumba."

Akacheka. Ana moyo huyo mtu.

Alhamisi alikuwa ananyoosha bati kwa mkono, mguu ukateleza kwenye pedali ya kushushia mashine.

Ofisini, bosi akasoma karatasi ya kompyuta. "Mashine imeanza kushuka, ndipo mkono ukaingia. Uzembe. Kazi basi."

"Mkono ulikuwa ndani tayari," shemeji akasema, bandeji imelowa. Akanigeukia. "Waambie, shemeji. Wewe ndiye unayeijua."

Niliijua. Mara baada ya ajali nilikuwa nimeurudisha ule mstari kama zamani, bila kumwambia mtu.

"Kompyuta haina ndugu, shemeji," nikasema.

Bosi akacheka. Mimi pia.

Dhamiri ikaniwasha, nikamwombea dada nafasi ile ile. Jumatatu akaja, aproni ya mumewe imemfika miguuni.

"Mdogo wangu, asante. Usingekuwa wewe tungelala njaa."

"Anaendeleaje?"

"Kidonda kinafunga." Akakanyaga pedali taratibu, akaijaribu. "Mwanzoni alikuwa anabisha. Sasa hata yeye anasema labda kweli aliingiza mkono akiwa amechelewa. Anaomba umsamehe, alitaka kukuingiza kwenye uzembe wake."

Nikasema nimemsamehe.

Jamani, mtu hakatwi vidole na wastani, anakatwa na ile nusu sekunde. Na kosa ukilirekebisha kimyakimya halifutiki, linahamia kwa mwingine, naye anaweza kulizoea hadi aamini ni lake.