Ua Safi wa Mama Fagio

Wanafunzi ndio waliompa jina la Mama Fagio, na likamganda. Alifagia uwanja wa shule yao tangu mlingoti wa bendera ukiwa wa mbao mpaka ukawekwa wa chuma. Walimu wakuu walikuja wakaondoka, yeye yupo, kainama, mkono mmoja mgongoni. Mwanawe wa pekee alipooa, somo la kwanza alilompa mkamwana wake lilikuwa fagio.

"Mwanangu, ukiacha jani uani kwangu, ujue umenitukana."

Mkamwana alikuwa msichana msikivu. Akashika.

Kisha mumewe Mama Fagio akafariki, na mwaka huohuo shule ikamstaafisha. Nyumba ikanyamaza. Marehemu alikuwa akikoroma mpaka bati linaitikia. Miaka yote mkewe alimgombeza kwa hilo, sasa akakosa usingizi kwa kukosa wa kumgombeza. Mgongo nao ukagoma. Nyuma ya nyumba, alikofagia mwenyewe siku zote, penye mpera na tuta la mchicha, majani yakarundikana pembeni. Chini ya bomba linalovuja akafukia beseni kuukuu ili maji yasipotee bure.

Mvua za kwanza ziliponyesha, jioni akasikia sauti uani. Krrr. Nyingine ikajibu. Akachungulia: chura mnene, kavimba shingo, amekaa ukingoni mwa beseni kama mwenye nyumba.

Usiku huo Mama Fagio alilala mpaka jua likamkuta kitandani.

Basi akawajua mwenendo wao. Mvua zikiwepo, beseni lilijaa viluwiluwi. Zikikatika, wadogo walitawanyika mchichani, wakala wadudu wote wanaotoboa majani. Baridi ikiingia, aliuacha mrehani uchanue, nyuki wakaujaa. Kiangazi kikishika, vyura walijichimbia chini ya lundo la majani wakatulia humo mpaka radi iwaamshe. Mgongo ulipopata nafuu, lundo hakuligusa. Jioni alilinyunyizia maji kwa kiganja, polepole, kama anayemnawisha mtoto uso.

Jirani yake, fundi viatu, alimchungulia juu ya ukuta. "Shemeji, siku hizi unafuga vyura? Unachinja lini, tuje na sahani?"

"Wewe ruka tu ukuta. Wanakula chochote chenye kelele."

Mkamwana hakukanyaga huko nyuma; vyura walimtia kinyaa. Alipouliza mbona uani kuna takataka, Mama Fagio alisingizia mgongo. Angesemaje? Yeye, Mama Fagio mzima, analinda majani makavu? Aibu ilimfunga mdomo.

Mwisho wa kiangazi akapelekwa hospitali kutolewa mtoto wa jicho. Siku ya kurudi, mkamwana alimpokea mlangoni, akamshika mkono, akampitisha moja kwa moja mpaka mlango wa nyuma.

"Mama, nina zawadi yako. Haya, tazama."

Ua ulikuwa mweupe, umechorwa mistari ya fagio kama uwanja wa shule siku ya mkaguzi. Beseni lilikuwa limefukuliwa, limesuguliwa kwa mchanga, limeegeshwa ukutani. Pembeni, pale penye lundo, palikuwa na duara jeusi la majivu.

"Mgongo umekunyima raha siku nyingi, mama. Vyura wenyewe siku hizi hawaonekani, nikasema arudi aukute ua wake. Nimefagia, nimechoma, sikubakisha hata jani."

Mama Fagio alishika kizingiti. "Ulipowasha moto, hakuna kilichotoka?"

"Kitoke nini?"

"Chochote."

Mkamwana akafikiri. "Hapana, mama. Palikuwa kimya tu."

Mkononi mwake mlikuwa na malengelenge ya fagio. Alikuwa anangoja kusifiwa, macho yamemtoka kama siku aliyoletwa nyumbani pale.

"Umefagia vizuri, mwanangu," alisema Mama Fagio. "Kama mimi."

Mwanawe alipoombwa alilirudisha beseni chini ya bomba, bila kuuliza. Fundi viatu alimrushia majani ya upande wake, safari hii bila utani. Upepo ukayachukua kabla hayajapata uzito. Mvua ilipokuja, ilikuja kwa nguvu. Mama Fagio akatoa kigoda akakaa mlango wa nyuma, khanga mabegani. Maji yalipiga bati, yakajaza beseni, yakamwagika. Akatega sikio chini ya kelele ile yote. Mvua ikapungua, ikawa matone ya mpera tu.

"Mama, ingia ndani, utashikwa na homa."

"Nakuja."

"Unangoja nini huko?"

Akavuta khanga kichwani. Mvua nyingine ikanyesha, na nyingine. Beseni likazaa mbu, mkamwana akalimwaga. Mama Fagio alimwona akilimwaga, akarudisha kigoda ndani.

Siku hizi mkamwana anafagia huko nyuma kila asubuhi, maana hakuna tena cha kumtia kinyaa. Mama Fagio anamsikia akiwa bado amelala: chwa, chwa, kisha kituo, kisha chwa. Mkono huo ni wa Mama Fagio mwenyewe, aliufundisha yeye.

"Mama! Umeamka? Na pembeni pale nifagie?"

Anageukia ukutani.

"Fagia tu, mwanangu. Hapana kitu."