Grâce na soka la New England

Leo nimefunga saluni asubuhi nikaenda shuleni kumsikiliza binti yangu Grâce akieleza historia ya soka New England, huko Amerika.

Alianza na wageni waliofanya kazi kwenye viwanda vya nguo huko, wakicheza baada ya zamu.

Mwalimu akauliza, "Na siku hizi?"

"Siku hizi yuko huko mama mdogo wangu, katoka Bukavu. Anafundisha timu ya wasichana."

"Kwa lugha gani?"

Eish. Nikainamisha kichwa. Nyumbani namsemesha Kiswahili, Grâce hunijibu kwa Kiingereza tu.

Grâce akasema kwa sauti, kama mama yake mdogo akiwa uwanjani, "Inua kichwa. Mtazame mwenzako. Haya, piga."

Kiswahili, mbele ya darasa zima!

Nimerudi saluni, nasuka huku natabasamu.

Nyinyi wenzangu wa hapa Joburg, watoto wenu wanaongea Kiswahili?