Chai ya Shangazi Mwamini

Nakumbuka siku moja ya vita, chumbani tulikuwa watano: shangazi Mwamini mkekani, wadogo zangu Zaina na Ramazani, Mama Kapinga, muuguzi jirani yetu, na mimi Salumu, kaka yao mkubwa. Wazazi wetu walikuwa wamekwisha kufa. Mimi nilikuwa nimeacha shule, na shangazi ndiye aliyebaki kutulea, hadi kiharusi kikamwangusha, upande mzima wa kulia ukalala.

Mwanangu, nilitaka apone upesi. Nilinunua sokoni vidonge vya rangi mbili, dawa za kuua vijidudu, nikawa navifungua na kumimina unga wake kwenye chai ya shangazi. Siku zile watu wa mji wetu wa Kindu, Kongo, walivimeza kwa kila kitu, hata kwa huzuni. Uji mchachu aliouzoea niliumwaga, nikisema umeoza. Siku ya sita akawa anaharisha bila kukoma. Mkono alioanza kuuinua ukaanguka tena.

Mama Kapinga aliyaona maganda ya vidonge kwenye sahani, akakaa chini ghafla.

“Salumu, njo wewe dokta wa hii nyumba?”

Nikamweleza kwamba sikuwa daktari, nilikuwa namsafisha tumbo tu.

“Tumbo ya muntu iko na vijidudu vizuri pia. Unaviua vyote. Unamumaliza shangazi yako na chai.”

Vidonge vikakoma, Mama Kapinga akampa shangazi maji ya chumvi na sukari, kisha uji wake mchachu, wenye vijidudu vizuri, akamnyoosha mkono kila siku. Shangazi aliishi. Mkono haukurudi.

Juzi binti wa Zaina, ambaye ni daktari, aliniambia wataalamu wanachunguza kama vijidudu vizuri vya tumboni huusaidia ubongo wa mzee kupona baada ya kiharusi. Bado hawana hakika, alisema. Miaka yote nilidhani nililiharibu tumbo tu, kumbe labda na mkono wake.

Basi, mwanangu, mzee wako akipinda mdomo ghafla, mpeleke hospitali saa ileile. Usimpe dawa ambayo hakuandikiwa. Mazoezi yake usiyaache, na kabla ya kumwaga chakula chake, uliza. Mungu akupe mikono ya upole.

Shangazi alisikia maneno yote ya Mama Kapinga siku ile. Hadi kufa alikula kwa mkono wa kushoto, akijificha wageni wasimwone. Sikumwomba msamaha hata mara moja. Deni hilo ninalo bado.