Mechi Iliyoonekana kwa Jirani

Dada yangu mkubwa, ambaye nyumbani tunamwita yaya, aliolewa Basoko, safari ya boti kutoka kwetu. Mechi yetu ya mwisho ya mpira wa kwenye televisheni kabla ya harusi yake ilikatizwa na umeme, tukiwa sare, bao moja kila upande. Tangu hapo kila akipiga simu ananiita leki, yaani mdogo wake, na anamaliza kwa swali lile lile: "Leki, ile mechi tunamaliza siku gani?"

Mwaka huu alikuja Kisangani kututembelea. Aligawa samaki wa moshi kwa majirani, kama afanyavyo kila mtu atokaye kule, na siku zikaliwa na wageni. Ikafika Jumapili ya kuondoka. Boti yake ilikuwa ya mchana. Nilishusha mashine yetu ya zamani ya michezo kutoka juu ya kabati, kwa sababu sikutaka kuulizwa swali lile mwaka mwingine mzima.

Kazi ilikuwa kuiunganisha. Mashine hiyo inapeleka picha kwa waya wa antena, na kisanduku chake cha kuunganishia kilipotea zamani. Uani kwetu antena ni moja, juu ya bomba la chuma. Waya wake unagawanyika karibu na dirisha: tawi moja linaingia kwetu, lingine kwa mama jirani, muuza kwanga, ile mikate ya muhogo. Nilimenya waya wa mashine, nikausokota hapo hapo kwenye njia panda, nikafunga kwa utepe mweusi. Adapta niliiegemeza kwa kipande cha katoni, maana ikiguswa kidogo inazima, na kuiwasha tena ni bahati.

Televisheni yetu ikaonyesha chengachenga tu. Ni ile bapa, ya kisasa. Haitafuti stesheni bila telekomande, na telekomande hatukuiona popote. Yaya aliangalia mizigo yake mlangoni, akaangalia na saa. Hiyo haikuwa dalili nzuri.

Ndipo sauti ya mama jirani ikavuka ukuta.

"Muko nafanya nini na televizyo yangu? Kwaya ilikuwa inaimba, bon, sasa batu badogo banapiga bale!"

Nilikimbia kwake. Kwenye televisheni yake nene ya zamani, uwanja wetu wa kijani ulikuwa unang'aa, wachezaji wadogo wakiukimbiza mpira, ndiyo bale yake. Picha ilikuwa imeshika tawi lake la waya, ikapita ukuta na kukaa kwake. Nilirudi nikamweleza yaya: picha iko kule, sisi na mashine tuko huku, na adapta haiguswi.

Hakufikiri hata kidogo. Alishika kidude chake cha kuchezea, akapaza sauti dirishani:

"Mama jirani! Mwenye nyekundu ni mimi, mwenye nyeupe ni huyu. Tuko sare, bao la kwanza linamaliza. Tuambie tu!"

"Na kwaya yangu?"

"Itarudi, mama!"

Tukaanza, macho yakiwa ukutani.

"Nyekundu iko na bale! Anakimbia... anakimbia... alors, ameanguka."

"Na nyeupe?" nikauliza.

"Nyeupe iko nasimama tu, kama anangoja boti."

Yaya alicheka mpaka akakaa chini. Nilibonyeza kila kitufe.

"Ah, sasa nyeupe anakimbia!"

"Kwenda wapi, mama?"

"Kwenye goli yake mwenyewe, mutoto wangu! Geuka!"

Niligeuka, au nilidhani nimegeuka. Mama jirani akapiga kelele ambayo nadhani ilisikika mpaka Simi-Simi, pembeni mwa mji:

"Goal! Goal ya nyekundu! Imeisha!"

"Imeingia kona gani?" nikauliza.

"Kona ya... pale ndani."

"Mama, umeona kweli?"

"Nimeona!"

Nilikimbilia mlangoni ili nikasome matokeo kwake mwenyewe. Nilikuwa katikati ya ua umeme ulipokatika. Nyuma yangu yaya alikuwa anacheza, kidude bado mkononi.

Nilimbebea mizigo hadi bandarini nikibisha njia nzima. Boti ilipoachana na ukingo, alisimama kati ya magunia akaita, "Mbili kwa moja, leki!" Abiria wawili watatu walipiga makofi bila kujua kwa nini.

Niliporudi, mama jirani alikuwa jikoni. Kwenye sufuria yake walichemka samaki wa Basoko aliopewa na yaya, ndani ya mchuzi wa mawese. Nilisimama mlangoni nikawaangalia wale samaki, kisha nikamwangalia yeye.

"Mama, lile goli..."

"Kaa, mwanangu. Kula kwanza."

Nilikaa. Walikuwa watamu, na tangu siku hiyo sijauliza tena.